Njia ya Pembeni Isiyo na Tarehe

Mashine ya fotokopi ilifika ofisini kwetu ikiwa imeviringishwa nailoni, imeshatumika Ulaya miaka kadhaa, na bei yake ilimfurahisha kila mtu. Wakati huo nilikuwa nahudumia ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na ofisi ya namna hiyo huishi kwa karatasi: hati za mizigo, ankara, vibali, stakabadhi za malipo. Mashine ile ilikuwa inameza rundo la karatasi, inaziskani, na kuzipeleka moja kwa moja kwenye folda ya mteja ndani ya seva ya mafaili. Hakuna aliyebeba flashi wala aliyejitumia barua pepe. Miaka mitatu ilipita bila mtu kunipigia simu kuhusu mashine ile.

Januari 2020 Microsoft iliacha kuitolea Windows Server 2008 R2 masasisho ya usalama, nasi mwezi uliofuata tukahamia Server 2019. Nilihamisha kila kitu mwishoni mwa juma. Jumatatu asubuhi mashine ikakataa. Ilionyesha namba ya kosa na maneno kwamba imeshindwa kufika kwenye folda, basi. Kabla sijamaliza chai, dada wa idara ya hati alikuwa mlangoni kwangu. "Kaka, meli imeshafunga gati na hati zangu haziendi popote."

Sababu niliipata ndani ya nusu saa. Mashine ilijua lugha moja tu ya kuzungumza na seva, SMB1, na Server 2019 haiji na lugha hiyo. Lazima uiongeze mwenyewe. Nikaiongeza. Seva ikazimwa na kuwashwa tena watu wakiwa wamekwenda kula, na kufika saa nane mchana skani zilikuwa zinaingia. Nilimwambia bosi ni kwa wiki moja, mpaka nipate namna nyingine, na nilimaanisha nilichosema. Ilikaa miezi 14.

Nilijua nilichokuwa nakifanya, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Tarehe 12 Mei 2017, siku ya Ijumaa, WannaCry, programu haribifu inayofunga mafaili ya mtu na kudai malipo, ilianza kuenea, na ndani ya siku chache Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilikuwa inataja waathirika 200,000 katika nchi zisizopungua 150. Ilipitia mlango wa SMB1. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo, na taarifa ya usalama ya Microsoft, MS17-010, ilikuwa imemwandikia asiyeweza kukiweka mara moja afanye nini: azime SMB1. Jumamosi ile nilishinda ofisini nikipita kompyuta moja baada ya nyingine. Miaka mitatu baadaye nikaifungua tena kwa mkono wangu. Ni kweli kwamba safari hii kiraka kilikuwemo, lakini SMB1 yenyewe haina usimbaji fiche, wala haina kinga ya maana dhidi ya mtu anayejipenyeza katikati ya mazungumzo ya kompyuta mbili. Ned Pyle, aliyekuwa akisimamia SMB huko Microsoft, aliandika mwaka 2016 kuwasihi watu waiache, kisha akafungua orodha ya hadharani ya bidhaa ambazo bado ziliihitaji. Mashine za fotokopi na printa zilijaa humo.

Kila toleo la programu ya seva hutoka na waraka wa maelezo. Juu wanaandika mapya yaliyoongezwa. Chini kabisa, mara nyingi baada ya kurasa nyingi, wanaandika dosari zinazojulikana, na kwa kila dosari wanasema ufanye nini mpaka irekebishwe. Mimi huanzia chini. Sehemu ile inatokana na simu za wateja waliokwama, haina lugha ya kuuzia, na ndiyo inayoniambia Jumatatu yangu itakuwaje. Hicho unachoambiwa ufanye kwa sasa ndicho nakiita njia ya pembeni.

Anayeishi Dar es Salaam anaijua Jangwani inapofurika. Barabara ya Morogoro inafungwa, madereva wanatafuta vichochoro, na mji mzima unapita pasipopitwa. Maji yakishuka, watu wanarudi barabarani bila kuambiwa, kwa kuwa kichochoro kina matope na kila mtu anayaona. Kwenye seva maji hushuka bila mtu kujua. Kiraka kinatoka, mashine mpya inanunuliwa, programu inabadilishwa, na kichochoro kinabaki wazi kwa sababu hakina matope yoyote: kinapitika vizuri, kimya kimya, na aliyekifungua ameshasahau au ameshaacha kazi. Sina ugomvi na njia za pembeni zenyewe. Bila hizo ofisi nyingi zisingefungua. Ugomvi wangu ni na njia iliyofunguliwa bila kuandikwa imefunguliwa lini, inaacha nini wazi, na itafungwa siku gani.

Ukitaka kujua kwa nini seva za mafaili zina dosari nyingi za kizamani, angalia umri wake. SMB ilianzia IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ya Barry Feigenbaum, enzi za DOS. Microsoft ikaichukua na kuiongezea, ikaiongezea tena. Toleo la 2 lilikuja na Windows Vista, la 3 likaja na Windows 8 na Server 2012. Kila jipya lililazimika kuelewana na la zamani, maana siku zote kuna mahali pana printa isiyojua lingine.

Na kuna Samba, inayoifanya mashine ya Linux izungumze kama seva ya Windows. Mwishoni mwa mwaka 1991 Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alitaka kompyuta yake ya DOS ifikie diski ya mashine ya Unix. Hakuwa na maelezo ya itifaki ile. Alisikiliza mashine mbili zinavyozungumza kwenye waya, akaandika programu inayojibu vivyo hivyo. Baadaye aliifananisha kazi hiyo na kujifunza Kifaransa kwa kukaa mgahawani na kusikiliza wateja wanavyoagiza chakula. Hata jina lilipatikana kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno yale yenye herufi s, m na b. Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaeleza tabia ya Samba: imejifunza lugha pamoja na makosa ya wenye lugha. Windows ikiwa na kasoro ambayo programu za watu zimeshaizoea, Samba nayo inabidi iige kasoro hiyo, la sivyo Samba ndiyo itakayoitwa mbovu.

Sasa kuhusu kufungwa kwa faili, maana hili ndilo linaloniamsha mara nyingi. Mhasibu anafungua faili la Excel la mwisho wa mwezi, anaambiwa limefunguliwa na fulani. Fulani yuko likizo Moshi tangu Alhamisi. Excel kila inapofungua faili kwenye seva huweka kando yake kijifaili kilichofichwa, jina lake likianza na ~$, ndani yake kuna jina la aliyefungua. Umeme ukikatika kabla hajafunga, kijifaili kinaweza kubaki. Lakini kufuli lenyewe halimo humo. Limo kwenye orodha ya mafaili yaliyo wazi ambayo seva inaitunza. Kwa hiyo naangalia kwanza orodha hiyo, na kwenye Samba nauliza kwa amri ya smbstatus. Ikiwa hakuna mtu, nafuta kijifaili na kazi inaendelea. Ikiwa yupo, nampigia simu. Sifungi faili la mtu kutoka kwenye seva bila kumpigia, hata bosi akiwa amesimama nyuma yangu, kwa sababu kompyuta yake haijui kuwa imepokonywa mpaka itakapojaribu kuhifadhi, na wakati huo mwenzake ameshaandika juu ya faili lilelile.

Mara nyingine hakuna aliyefungua kitu. Mtu amebofya faili mara moja tu huku kidirisha cha kuchungulia kikiwa wazi upande wa kulia, na kuchungulia nako ni kufungua. Nilizima kidirisha hicho kwa kompyuta zote za uhasibu, na simu zikapungua wiki hiyohiyo.

Kuna kufuli lingine ambalo watumiaji hawalioni kabisa. Faili likiwa na mtu mmoja tu, seva humwambia: uko peke yako hapa, kaa na mabadiliko yako kwanza, utaniletea baadaye. Kazi inakwenda kasi sana hivyo. Akija mwingine, seva humwita wa kwanza: lete ulichonacho. Kwa barua na majedwali hakuna tatizo. Tatizo huja pale faili moja linapobeba hesabu za ofisi nzima na watu sita wanaandika humo kwa wakati mmoja, kama zilivyo programu nyingi za uhasibu zilizojengwa juu ya Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft. Mmoja akichelewa kujibu kwa sababu kebo imelegea kwenye swichi, wengine wanaendelea kuandika juu ya picha isiyo kamili, na jioni programu inasema haitambui faili lake yenyewe.

Sisi tulikumbana na hilo mwaka 2018, baada ya masasisho ya Windows 10. Mama mhasibu, mtu mzima ambaye namwamkia kila asubuhi, aliniita mara tatu katika wiki moja. Mara ya tatu hakulalamika. Aliniuliza tu kwa upole, "Mwanangu, hizi hesabu zangu zitakaa?" Swali lile lilinifanya nisome mpaka usiku. Microsoft walikuwa wameshaandika kwamba wanaijua hali hiyo ya hifadhidata za Access kwenye seva, na njia ya pembeni waliyoitoa ilikuwa kuzima kwenye rejista ya seva, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, ule utaratibu wa kumwachia mtu mabadiliko yake. Nikauzima. Hesabu zikatulia, na seva nzima ikawa nzito, kwa maana mpangilio ule haukuchagua faili: uliwagusa wote, hata dada wa hati aliyekuwa anafungua picha za skani tu. Samba ilikuwa na jibu la busara zaidi kwa miaka mingi, kwani humo unaandika `veto oplock files` na kutaja aina ya mafaili yasiyopewa ruhusa hiyo, mengine yakaendelea kama kawaida. Matoleo ya baadaye ya Windows nayo yaliruhusu kuzima kwa folda moja inayoshirikishwa.

Tiba yenyewe ilikuwa kuhamishia data kwenye hifadhidata ya kweli, ambako programu moja ndiyo inayoandika kwenye diski na wengine wote wanaiomba. Ilichukua miezi mitano na fedha ambazo bosi hakupenda kuzitoa. Ningekuwa sijaandika gharama ya ile njia ya pembeni, yaani jinsi seva ilivyokuwa nzito, nisingekuwa na hoja ya kumpelekea. Nilimwonyesha ukurasa. Alisoma, akatia saini.

Majina ya mafaili nitayapita haraka kidogo, ingawa yamenila siku nyingi. Windows kwa asili ilihesabu njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski mpaka mwisho wa jina, isizidi herufi 260. Watu wa forodha hupenda majina marefu: jina la mteja, jina la meli, namba ya hati, aina ya mzigo, kisha neno MPYA, kisha MPYA KABISA. Wafanyakazi walikuwa wameunganishwa kwenye folda ya ndani sana kama diski P, kwa hiyo kwao njia ilionekana fupi na kila kitu kilihifadhika. Programu ya bakapu, ikiangalia kutoka kwenye seva, iliona njia nzima tangu mzizi, ikaikuta ndefu mno, ikaruka faili na kuendelea. Iliandika jambo hilo kwenye kumbukumbu zake kila usiku. Mimi sikuwa nasoma. Tuligundua siku mteja alipohitaji hati za mwaka uliopita na folda kwenye bakapu ikawa tupu. Hati zilipatikana kwingine, kwenye karatasi, lakini nilitetemeka. Tangu Windows 10 toleo la 1607, lililotoka mwaka 2016, unaweza kuiruhusu Windows ipite kikomo kile, ila programu yenyewe lazima iwe imeandikwa kukubali, na nyingi hazijaandikwa hivyo. Robocopy, amri ya kunakili inayokuja na Windows, inakubali. Ndiyo ninayoitumia, na kumbukumbu za bakapu nazisoma kila asubuhi kabla ya barua pepe.

Kuhamisha faili ni jambo ambalo ningependa kila afisa utumishi alielewe. Ukinakili faili kutoka folda moja kwenda nyingine, nakala huchukua ruhusa za folda mpya. Ukilihamisha ndani ya diski ileile, mara nyingi faili hubeba ruhusa zake za zamani, kwa kuwa kwenye diski halijaenda popote. Limebadilishiwa anwani tu. Mwenzetu aliandaa jedwali la nyongeza za mishahara kwenye folda ya wote, kisha akalivuta kwa kipanya mpaka kwenye folda ya Mishahara, ambayo ni watu watatu tu wanaoweza kuifungua. Aliamini limefungiwa ndani. Halikuwa limefungiwa. Windows kwa kawaida humruhusu kila mtu kupita kwenye folda asizoweza kuzisoma, ilimradi anaijua anwani kamili ya faili na faili lenyewe linamruhusu. Aliwatumia wakuu wake kiungo kwa barua pepe, mmoja akakituma mbele bila kufikiri, na kijana wa ghala akabofya.

Yaliyofuata siku ile sitayaeleza, watu waliumia. Nilichofanya jioni ni kupita folda zote nyeti kwa icacls, amri ya Windows ya kupanga ruhusa, na kuziamuru zirudi kwenye ruhusa za mama yao, kisha nikaihamishia folda ya Mishahara kwenye diski nyingine kabisa. Kati ya diski mbili hakuna kuhamisha. Kuna kunakili na kufuta, na nakala hurithi inavyopaswa. Hiyo nayo ni njia ya pembeni. Imeandikwa kwenye daftari pamoja na onyo kwamba atakayekuja kuunganisha diski zile mbili kwa nia ya kuokoa nafasi atarudisha tatizo.

Na kufuta. Watu huamini kuna kapu la taka. Kwenye kompyuta yako lipo; kwenye folda ya seva faili likifutwa limekwenda. Windows Server ina picha za kivuli, ambazo hutunza hali ya diski ilivyokuwa saa fulani, na ratiba inayokuja nayo ni saa moja asubuhi na saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Fikiria ratiba hiyo ukiwa kwetu. Faili lililoandikwa saa mbili na kufutwa saa tano halimo kwenye picha yoyote. Na Jumamosi, siku ambayo ofisi nyingi za bandarini zinafanya kazi angalau mpaka mchana, haimo kabisa. Kikomo ni picha 64 kwa diski moja. Niliweka picha 5 kwa siku, Jumamosi ikiwemo, na zinanifikisha takriban wiki mbili nyuma. Kwenye Samba kuna moduli ya recycle inayopeleka kilichofutwa kwenye folda ya pembeni. Iwekee tu utaratibu wa kumwaga, kwa sababu hujaa.

Saa za kompyuta nazo. Mtu anakataliwa kuingia kwenye seva na neno lake la siri ni sahihi. Betri ndogo ya kwenye bodi imekufa, umeme ulikatika usiku, kompyuta imeamka ikidhani ni mwaka 2009. Kerberos, utaratibu unaothibitisha watu kwenye mtandao wa ofisi, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Mafundi wengi wameshazoea kuandika namba ya IP ya seva badala ya jina lake, kwani hapo Windows kwa kawaida huacha Kerberos na kutumia NTLM, utaratibu wa zamani zaidi, na mlango unafunguka. Nimeona ofisi ambayo njia za mkato za wafanyakazi wote zimeandikwa kwa IP, hakuna anayejua kwa nini, na tatizo la kwanza lilikuwa betri ya duara inayouzwa Kariakoo kwa bei ya soda chache.

Baada ya mambo haya nilianza kuzichunguza njia za pembeni zinazotolewa na watengenezaji wenyewe, nione zinaandikwaje. Nzuri kuliko zote, kwa macho yangu, ni ile ya Machi 2020. Iligundulika dosari kubwa kwenye SMB 3.1.1, katika sehemu inayobana data, ikaitwa SMBGhost. Habari zilivuja tarehe 10, kiraka kikatoka tarehe 12. Katikati hapo Microsoft walitoa amri moja ya kuzima ubanaji, wakasema haihitaji kuwasha upya, na wakasema wazi kwamba inailinda seva lakini haizilindi kompyuta za watumiaji zinazounganisha kwenye seva nyingine. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiheshimu. Server 2019 yetu haikuguswa, lakini kompyuta za mezani zenye Windows 10 matoleo ya 1903 na 1909 ziliguswa, na bila sentensi ile ningeweka amri, nikaenda nyumbani kulala.

Watu wa Samba nao huandika hivyo. Mei 2017 walipotangaza dosari iliyokuwemo tangu toleo la 3.5.0, walisema ongeza `nt pipe support = no`, wakaongeza kwamba baadhi ya mambo ambayo kompyuta za Windows zinayategemea yanaweza kukoma. Januari 2022 dosari ikawa kwenye moduli ya fruit, inayohudumia kompyuta za Mac. Wakasema iondoe kwenye orodha ya moduli, lakini wakaonya kwamba ukibadilisha mipangilio yake badala ya kuiondoa, taarifa ambazo Mac zilikuwa zimezihifadhi humo zitaonekana kama hazipo. Kila mara wanakupa vitu viwili: kinachofungwa na kinachobaki wazi. Nikaanza kuandika daftari langu kwa mtindo huo. Nilitumia daftari la karatasi, la jalada gumu, kwa sababu seva ikilala, daftari lililomo ndani yake linalala nayo.

Mwishoni mwa 2024 mjomba wangu mwenye duka la vipuri alinipigia. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia moja kwa moja: kompyuta yake imejisasisha kwenda Windows 11 24H2 na kile kisanduku cha mafaili cha dukani hakifunguki. Kijana wa jirani alikuwa ameshampa amri ya kubandika. Nilijua ni ipi. Toleo lile kwa kawaida halikubali tena kuingia kama mgeni bila neno la siri, na linadai kila ujumbe uwe na sahihi ya kuthibitisha kwamba haukubadilishwa njiani. Amri ya kijana ilikuwa inarudisha ugeni. Nikamwomba asubiri nipite jioni. Tulitengeneza akaunti tatu kwenye kisanduku, yeye, mkewe na mfanyakazi, kila mmoja na neno lake la siri, tukakipandisha toleo lake ili kiweze kutia sahihi. Haikufika saa moja. Miaka yote ile mtu yeyote aliyepewa neno la siri la Wi-Fi ya duka angeweza kusoma madeni ya wateja wake.

Nirudi kwenye fotokopi. Aprili 2021 nilikuwa napitia mipangilio ya seva kwa sababu nyingine, nikaikuta SMB1 imewashwa. Kwa sekunde kadhaa nilijiuliza nani kafanya hivi. Ukurasa wa Februari 2020 kwenye daftari ulikuwa na mstari mmoja, "fotokopi sawa", bila neno SMB1, bila tarehe ya kurudi. Sikuizima papo hapo. Niliwasha kwanza ukaguzi, ambao huiambia seva iandike kila anayekuja kwa SMB1, nikaiacha siku 7.

Nilitegemea anwani moja. Zilikuja mbili. Ya pili ilikuwa kompyuta ya Windows XP ghalani, iliyofungwa kwenye mzani wa mizigo, ambayo kwenye seva ya zamani ilikuwa inaandika uzito kila jioni. Tulipohama ingepaswa kukwama siku ileile na sote tukajua. Haikukwama, kwa sababu nilikuwa nimeifungulia mlango bila kujua ipo. Kwa miezi 14 ilipita humo kila siku saa kumi na moja jioni.

Nilichukua kompyuta ndogo ya zamani, nikaweka Linux na Samba, nikairuhusu izungumze SMB1, nikaitenga kwenye sehemu yake ya mtandao ambako zinafika hizo mashine mbili tu. Kila dakika huvuta kilichoingia na kukipeleka kwenye seva kubwa kwa SMB3. Kisha nikaizima SMB1 kwenye seva. Daftarini niliandika tarehe, sababu, kinachobaki wazi, na mwezi wa kuangalia tena. Nilipoiacha ofisi ile nilimkabidhi daftari kijana aliyenipokea, tukakaa naye siku mbili tukilisoma ukurasa kwa ukurasa.

Mwaka jana alinitumia picha. Fotokopi imeondoka, imekuja nyingine inayojua SMB3, na mstari wake umekatwa kwa kalamu nyekundu, na tarehe pembeni. Mstari wa mzani bado haujakatwa. Ameandika chini yake kwamba fundi wa mizani ameahidi kuja Septemba.